Kifua hakiumi lakini damu ina antibodi: jibu kwa dada wa Donholm

Dada mmoja wa Donholm ameniandikia kuhusu kakake. Kaka ana miaka 41, alipandikizwa moyo kule Chennai miaka minne iliyopita, akarudi Nairobi, anafanya kazi, anapanda ngazi mpaka orofa ya nne bila kupumzika. Mwezi uliopita ameenda kliniki ya kila mwaka na karatasi imerudi na vitu viwili, antibodi za DSA (zile zinazolenga moyo wa mtoaji) upande wa DQ zenye MFI 4,200, nitazieleza hizo herufi, na angiogramu, ile picha ya mishipa ya moyo, imeandikwa CAV 1, yaani daraja la kwanza la ugonjwa wa mishipa ya moyo uliopandikizwa. Daktari anataka vipimo zaidi na pengine abadilishe dawa. Dada anauliza: mtu haumwi kifua, anawezaje kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo? Ni mafuta na nyama choma? Mama anasema ni ile damu ya watu aliongezewa, mjomba anasema moyo wa Mhindi hauwezi elewana na mwili wa Mkenya. Na je, walipie kipimo gani, manake pesa si nyingi.

Dada yangu, kwanza pole, najua vile karatasi kama hiyo ikiingia nyumbani usiku huo hakuna mtu analala. Nianze na jibu la haraka halafu tuingie ndani polepole. Kakako si mgonjwa wa kukimbizwa kasualti leo, CAV 1 ni daraja la chini na wengi wanakaa hapo miaka mingi. Lakini pia si mtu wa kuambiwa uko sawa rudi mwaka ujao, juu antibodi na CAV zikionekana pamoja zinatuambia kinga ya mwili wake imeanza kuutambua ule moyo kama mgeni, na mahali inaushikia ni kwenye mishipa. Hapo ndipo ningetaka muweke pesa na nguvu zenu.

Hilo la kifua kutouma nalisikia karibu kwa kila familia. Moyo ukitolewa kwa mtu mmoja ukawekwa kwa mwingine, daktari anaunganisha mishipa ya damu, lakini neva haziunganishwi, zinakatwa na zinabaki hivyo. Na uchungu wa moyo unabebwa na neva. Kwa hivyo mtu wa kawaida mshipa ukibana anashika kifua, jasho linamtoka, anakimbizwa hospitali, lakini aliyepandikizwa mshipa unaweza bana zaidi ya nusu na asiskie kitu chochote kabisa. Kwa wengine neva zinaota tena kidogo baada ya miaka na wanaanza kuskia uchungu, lakini hiyo si ya kutegemea. Hebu mpime mapigo akiwa amekaa tu anatazama TV, utapata kama 90 au 100 hivi, na si ugonjwa, ni kwa sababu ile neva ya kupunguza mwendo wa moyo haifiki tena. Sasa kwa vile kifua hakitasema, vitu vingine ndivyo vinasema: kuchoka bila sababu, kuishiwa pumzi kwa ngazi zile zile alizokuwa anapanda, miguu kuvimba, moyo kurukaruka, kuzimia. Na wapo ambao dalili yao ya kwanza ilikuwa moyo kusimama ghafla. Ndio maana angiogramu zinafanywa kwa kalenda, hazingoji maumivu, na ndio maana nakuomba msiwahi kubali kuruka moja ati kwa sababu anajiskia poa.

Hii shida ni ya zamani kama upandikizaji wenyewe. Daktari Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, na mgonjwa, Louis Washkansky, akaishi siku 18 tu akafa kwa nimonia. Wa pili wake alikuwa Philip Blaiberg, daktari wa meno, aliyepandikizwa Januari 1968 na akaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu, ikawa habari dunia nzima. Alipofariki Agosti 1969 ule moyo ukafunguliwa na mishipa yake ikakutwa imeharibika vibaya. Moyo wenyewe ulikuwa wa kijana wa miaka 24. Mishipa ya kijana wa miaka 24 haiwezi kuzibwa hivyo na chakula kwa muda mfupi namna hiyo, kuna kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi pale ndani, na mpaka leo hicho kitu ndicho tunapambana nacho. Takwimu za rejista ya kimataifa ya upandikizaji wa moyo zinaonyesha CAV inaonekana kwa karibu asilimia 8 ya wagonjwa mwaka wa kwanza, karibu asilimia 30 wakifika mwaka wa tano, na karibu nusu wakifika mwaka wa kumi. Kwa hivyo kakako mwaka wa nne hajafanya kitu cha ajabu, na usikubali mtu amlaumu.

Sasa ni nini hasa kinafanyika. Ugonjwa wa mishipa wa kawaida, ule wa wazee wetu wenye presha na sukari, unakaa mahali mahali, bonge la mafuta hapa, lingine pale, kwenye mishipa mikubwa, na unachukua miaka mingi sana. Wa moyo uliopandikizwa ni tofauti. Ukuta wa mshipa unanenepa pande zote sawasawa, kuanzia juu mpaka mwisho, na unaingia mpaka kwenye vimishipa vidogo vilivyo ndani ya msuli wa moyo ambavyo hakuna stenti (kile kibomba cha kufungua mshipa) inaweza fika. Ule utando wa ndani wa mshipa, zile seli zinazogusana na damu kila sekunde, ni za aliyetoa moyo. Damu inayopita juu yake ni ya kakako. Kwa hivyo hapo ndipo watu wawili wanakutana moja kwa moja, mchana na usiku, na ndio maana vita vinaanzia hapo kabla ya mahali pengine.

Karibu seli zote za mwili zina alama juu yake zinaitwa HLA, jeni zake zinakaa kwenye kromosomu ya 6, kuna kundi la kwanza, A, B na C, na kundi la pili, DR, DQ na DP. Kinga ya mwili inasoma hizo alama kujua hii ni yangu hii si yangu. Ikiona alama za mtoaji kuna njia mbili. Ya kwanza ni seli T, askari wa kinga, kuingia zenyewe kwenye ukuta, zinatoa kemikali kama interferoni gama, na hiyo interferoni ni mojawapo ya vitu vinavyofanya seli za misuli laini ya mshipa zihame na kuzaana, ukuta unanenepa. Ya pili ni seli B kutengeneza antibodi zinazolenga alama za mtoaji peke yake, na hizo ndizo zimeandikwa DSA kwenye karatasi yenu. Antibodi ikishika seli ya utando inaweza kuamsha komplementi, yale maprotini ya damu yanayotoboa seli, au inaweza kuita makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza, au hata bila kuua seli inaiamsha tu, seli inaanza kuota protini za kunata kama ICAM-1 zinazokamata seli nyeupe zinazopita, inaanza kugandisha damu kidogo kidogo, inatoa ishara za ukuaji. Watafiti wa Indianapolis wakina Carlos Labarrere walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mioyo ambayo utando wake umeamka hivyo ndiyo baadaye inapata ugonjwa wa mishipa. Inaumia kidogo, inapona na kovu, inaumia tena. Hakuna siku moja ambayo mgonjwa anaweza sema leo ndio ilianza.

Sasa karatasi yenu. DQ ndiyo DSA mpya tunayoipata mara nyingi zaidi baada ya kupandikizwa, na ni zile zenye tabia ya kukaa, haziondoki kirahisi, na zinahusishwa na CAV na moyo kuchoka mapema. Hilo siwezi kukuficha. Lakini ile namba, MFI 4,200, naomba uisome kwa makini. Mashine ya Luminex ina vishanga vidogo sana vimepakwa HLA, unamwaga serumu, yale maji ya damu, antibodi inashika kishanga chake, halafu mashine inapima mwanga. MFI ni ukali wa huo mwanga. Si kipimo cha wingi wa antibodi kama vile sukari inapimwa, na maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ile ile ya siku ile ile. Maabara moja inaanza kuita chanya kwa 1,000, nyingine 2,000. Kuna hata wakati antibodi ni nyingi mpaka kipimo kinasoma chini, mpaka serumu iongezwe maji ndio ukweli uonekane. Kwa hivyo 4,200 ni ya kuchukuliwa kwa uzito, lakini 4,200 ikishuka 3,600 msifanye sherehe, na ikipanda 4,900 msilie. Tunachotafuta ni mwelekeo, kwa maabara moja, kwa miezi. Kutoka 4,200 kwenda 12,000 hiyo ni habari. Kutoka haikuwepo mwaka jana mpaka ipo mwaka huu hiyo pia ni habari, kubwa kuliko namba yenyewe, na ndio swali la kwanza ningeuliza: kabla ya upasuaji na miaka mitatu iliyopita alikuwa hana? Lazima Chennai walimpima kabla ya upasuaji, na hayo majibu yapo.

Swali la pili ni kama antibodi imefika kwenye moyo ama iko kwa damu tu. Wako watu wana DSA miaka na moyo wao haujaguswa. Hapo inakuja biopsi, wanapitisha waya kwenye mshipa wa shingo wanachukua vipande vidogo vya msuli, halafu daktari wa patholojia anaangalia kama vimishipa vina C4d, hiyo ni alama inayobaki pale komplementi imepita, na kama kuna makrofaji wamejaa ndani ya vimishipa. Majibu yanaandikwa pAMR 0 mpaka 3. pAMR 0 na moyo unaopiga vizuri, na ekokadiografi (skani ya moyo kwa mawimbi ya sauti) iliyo sawa, hiyo ni hali moja. pAMR 2 na antibodi inapanda, hiyo ni hali nyingine kabisa na matibabu yake ni mazito, kusafisha plazma, imunoglobulini ya mshipa, wakati mwingine rituksimabu, dawa inayoua seli B. Kama daktari wenu ameomba biopsi basi hajakosea, nisingetaka dawa nzito ianzishwe kwa sababu ya karatasi ya MFI peke yake.

Vipimo vingine utaviskia. CRP, ile ya uvimbe wa mwili, ikikaa juu muda mrefu inaenda pamoja na CAV, lakini CRP inapandishwa na mafua, na malaria, na jino bovu, kwa hivyo ikipanda mara moja haimaanishi kitu. Troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, ikikaa juu miezi ya kwanza baada ya upasuaji ni ishara mbaya kwa mishipa, na ikipanda sasa hivi inahitaji kufuatiliwa. BNP inasema moyo unasukuma kwa shida, lakini haisemi kwa nini. Kuna kipimo cha DNA ya mtoaji inayoelea kwenye damu, moyo ukiumia seli zake zinapasuka na DNA yake inaingia kwa damu ya mgonjwa, Marekani wanakitumia sana kufuatilia kukataliwa kwa moyo, ni kizuri lakini ni ghali na kwa hali ya kakako leo hakitabadilisha uamuzi. Na kuna antibodi zisizo za HLA, kama zile za kupinga AT1R au vimentini. Zipo, zinafanyiwa utafiti, lakini kama pesa ni za kuhesabu wacha hizo kwanza.

Kimoja ambacho watu wanasahau ni kirusi cha sitomegalo, CMV. Wengi wetu tumekuwa nacho tangu utotoni na kinalala tu, lakini dawa za kushusha kinga zinakiamsha, na kikiamka kinachokoza utando wa mishipa na kuamsha kinga kwa wakati mmoja. Uhusiano wake na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliopandikizwa umejulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Muulize daktari kama CMV yake imepimwa kwa PCR hivi karibuni.

Angiogramu nayo ina upungufu wake na ni muhimu uujue. Inapiga picha ya dawa ikipita ndani ya mshipa, ni kama kuangalia maji kwenye paipu bila kuona unene wa paipu lenyewe. Kama ukuta umenenepa sawasawa pande zote, picha inaweza kuonekana safi kumbe mshipa wote umekuwa mwembamba. Kwa hivyo vituo vikubwa vinaongeza skani ya sauti ya ndani ya mshipa, kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kwenye ncha ya waya, inapima ukuta kwa sehemu za milimita. Ukuta ukiongezeka nusu milimita ama zaidi mwaka wa kwanza, huyo mgonjwa tunamfuata kwa karibu sana miaka inayofuata. CAV 1 maana yake kuna mabadiliko madogo, mshipa mkuu wa kushoto haujabana kufika asilimia 50, na mingine haijafika asilimia 70, na moyo wenyewe unafanya kazi vizuri. Angalia hilo neno la mwisho, ekokadiografi ikionyesha moyo umekuwa mgumu ama dhaifu, huyo huyo mtu anahesabiwa CAV 3 hata kama picha ya mishipa haijabadilika. Na pia inawezekana hako kaugonjwa kalikuja na moyo, mtoaji akiwa mtu mzima mwenye mafuta yake kwenye mshipa tayari. Ndio maana angiogramu ya kwanza, ile inafanywa wiki chache baada ya upasuaji, ina thamani sana. Kama kale kabano kalikuwepo tangu siku hiyo na hakajasonga, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Mama hajakosea sana kuhusu damu. Kuongezewa damu kunaweza fundisha kinga kutengeneza antibodi za HLA, na mimba pia, ndio maana kina mama waliozaa mara nyingi huwa na antibodi hata kabla ya upandikizaji. Lakini hizo kwa kawaida zinaonekana kabla ya upasuaji. Antibodi mpya mwaka wa nne, kitu cha kwanza ninachofikiria ni dawa za kushusha kinga kuwa chini, kwa siku kadhaa ama kwa miezi, nitarudi hapo.

Mjomba naye mwambie kwa heshima kwamba HLA haijui pasipoti. Hata ndugu wa tumbo moja, wewe na kakako, nafasi ya kuwa na HLA sawa kabisa ni moja kwa nne. Mioyo hailinganishwi kwa HLA kama vile figo, kwa sababu moyo unaweza kukaa nje ya mwili masaa manne hivi tu, kwa hivyo wanaangalia kundi la damu, ukubwa wa mwili, na kama mgonjwa tayari ana antibodi za kupinga huyo mtoaji. Ni kweli baadhi ya alama zinapatikana zaidi kwa watu wa sehemu fulani, lakini moyo wa jirani yako wa Donholm pia ungekuwa mgeni kwa kinga ya kakako. Na yule Blaiberg niliyemtaja alikuwa mzungu, moyo wake ulitoka kwa kijana ambaye serikali ya kaburu ilimwandikisha kama Kaladi, yaani mtu wa damu mchanganyiko, na moyo ulipiga miezi 19 bila kuuliza.

Nyama choma sasa. Mafuta yana mchango lakini hayakuanzisha hii. Kolestro ya juu, sukari, presha, sigara, vyote vinaongeza kasi kwenye ukuta ambao kinga imeshauumiza. Dawa za statini hapa zina nguvu ya kipekee, mwaka 1995 Kobashigawa na wenzake kule Los Angeles walionyesha waliopewa pravastatini mapema baada ya kupandikizwa waliishi zaidi na wakapata ugonjwa mdogo wa mishipa, na inaonekana si kwa kushusha kolestro peke yake bali pia kwa kutuliza kinga. Kwa hivyo siku hizi statini inapewa kila aliyepandikizwa moyo hata kolestro yake ikiwa chini. Angalia kama bado yuko nayo, nimeona wagonjwa wamesimamishwa na mtu akisema kolestro yako iko sawa huhitaji hii, na hiyo si sahihi kwa mtu wa namna hii. Nyama ale kwa kiasi, iive vizuri kabisa ndani, aache kachumbari ya barabarani na maziwa yasiyochemshwa, lakini hiyo ni kwa ajili ya vijidudu zaidi kuliko mishipa.

Sasa dawa, na hapa dada naomba ukae na kakako muongee ukweli bila kugombana. Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, inatakiwa kunywewa kila masaa 12, saa zile zile. Tatizo tunaloliona kwa waliorudi kutoka nje si mtu kuacha kabisa, ni kupanda na kushuka: wiki hii kipimo 9, mwezi ujao 3, halafu 12. Dawa iliisha Ijumaa na kemisti walisema itaingia Jumanne. Alibadilishiwa kampuni bila kupimwa tena. Alikuwa safarini Kisumu akasahau boksi. Hesabu ya wastani inaonekana sawa lakini zile siku za chini ndizo seli B zinapata nafasi. Vituo vingi baada ya mwaka wa kwanza vinalenga 5 mpaka 10, kituo chake kitakuwa na lengo lake. Na kipimo kinachukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, akimeza kwanza namba inakuja juu ya uongo na daktari anaweza hata kupunguza dawa kimakosa.

Halafu kuna zile dawa zingine zinazoingia kimyakimya. Hapa kwetu kubwa ni rifampisini ya TB. Inafanya ini livunje takrolimasi haraka sana mpaka kipimo kinaanguka karibu na sifuri hata akimeza kila siku, kwa hivyo akipatikana na TB matibabu lazima yapangwe na wanaojua upandikizaji, si kupewa pakiti ya kawaida akaenda nyumbani. Kwa upande wa pili flukonazoli na klarithromisini zinapandisha takrolimasi mpaka figo zinaumia. Ibuprofeni na diklofenaki za mgongo zinaumiza figo pamoja nayo. Balungi asile. Dawa za mitishamba za kusafisha damu ama kuongeza kinga naomba zikae mbali kabisa, mtu anayekuuzia kuongeza kinga anakuuzia kile hasa tunajaribu kuzuia. Chanjo za virusi hai kama ya homa ya manjano pia hapana, hizo zingine zilizouawa kama ya mafua ni sawa na apate.

Kubadilisha dawa ambako daktari ametaja nadhani anafikiria everolimasi ama sirolimasi. Kundi hili linazuia seli za misuli laini kuzaana, yaani linagusa lile lile la ukuta kunenepa. Mwaka 2003 utafiti wa Eisen na wenzake ulionyesha waliokuwa kwa everolimasi ukuta wa mishipa yao ulinenepa kidogo kuliko waliokuwa kwa azathioprini, dawa ya zamani ya kushusha kinga. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa mapema kabla kovu halijawa gumu, kwa hivyo CAV 1 ni wakati mzuri wa kuifikiria. Lakini ina gharama zake, vidonda vya mdomo, mafuta ya damu kupanda, protini kwenye mkojo, vidonda vya upasuaji kuchelewa kupona kwa hivyo akiwa na upasuaji wowote umepangwa, hata wa jino kubwa, lazima waseme. Na kuna jambo moja ningemuuliza daktari wazi: akiweka everolimasi anapunguza takrolimasi kiasi gani, na je, hiyo ni salama wakati antibodi ya DQ iko hai? Kwa sababu mishipa inaweza taka everolimasi lakini antibodi inataka takrolimasi isishuke sana. Mimi ningependelea takrolimasi itulie kwanza, biopsi ijulikane, halafu mabadiliko.

Pesa. Kama ningekuwa napanga mfuko wenu, ningeanza na kipimo cha takrolimasi, mara mbili ama tatu kwa wiki chache zijazo, si cha ghali kama biopsi na kinasema mengi. Kisha ekokadiografi na biopsi kama daktari anaomba. Kisha DSA irudiwe baada ya miezi miwili mitatu hivi, maabara ile ile, si kila mwezi, kila mwezi ni kupoteza pesa na usingizi, na baadaye ikitulia mara moja kwa mwaka inatosha, ama kukiwa na dalili. Angiogramu ijayo isiahirishwe, na kama inaweza fanywa mahali wana ile skani ya ndani ya mshipa itakuwa na faida zaidi. Ulizia bima na SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya tarehe, kwa maandishi, ndio mjue ni gani mnalipa wenyewe.

Na kabla ya kliniki ijayo waandikie Chennai barua pepe muombe vitu vitatu: CD ya angiogramu ya kwanza baada ya upasuaji, yaani picha zenyewe na si ripoti tu, aina ya HLA ya kakako na ya mtoaji (jina la mtoaji hawatatoa na halihitajiki), na majibu ya antibodi za kabla ya upasuaji. Hapa nyumbani mkusanye vipimo vyote vya takrolimasi vya mwaka mmoja uliopita na tarehe zake kwenye karatasi moja. Vikifika niandikie tena.